Siku moja maishani mwangu: kumtazama nyuki asiye na mzinga

Saa 12:20 asubuhi. Umande haujakauka. Nimepiga magoti mbele ya bua kavu ambalo nyuki dume ameling'ata kwa taya, akalala hivyo hivyo, miguu ikining'inia. Madume hawana nyumba. Namwacha, mpaka jua limpashe joto, haruki.

Ni nyuki mkata-majani, wa jenasi ya Megachile. Spishi hii ina jina la kisayansi na vielelezo vichache vilivyochomwa pini. Maisha yake karibu hayajaandikwa, ndiyo maana nalipwa kukaa kwenye kigoda. Kidogo, lakini nalipwa.

Saa 2. Jike niliyempaka nukta nyeupe mgongoni anatoka kwenye mwanzi namba 7, kiota chake. Hana malkia wala vibarua. Kila kitu anafanya mwenyewe. Anarudi na kipande cha jani amekikumbatia tumboni. Naandika. Anarudi tena. Naandika. Vipande vyenye umbo la yai ni vya kuta, vya mviringo ni vya kifuniko, na hapimi popote! Kufikia saa 4 nimehesabu 14.

Halafu chavua. Nyuki wa asali huibeba miguuni. Huyu huibandika kwenye nywele za chini ya tumbo, basi kila akirudi anaingia na tumbo la njano. Anaichanganya na mbochi iwe uji mzito, chakula cha mtoto ambaye huenda asimwone kamwe. Mayai ya ndani kabisa huwa majike, ya karibu na mlango madume, maana madume ndio hutangulia kutoka.

Saa 7:40 nilikuwa natafuna mkate, nusura nimkose mgeni: nyuki mwenye tumbo lililochongoka. Coelioxys, mwizi. Mwenyeji alikuwa mauani. Mwizi akaingia, akakaa kidogo, akatoka. Kama ametaga humo, buu lake litaua mtoto wa mwenyeji kwa taya kama mundu, kisha litakula akiba yote ya chakula. Mkono ulinicheza nimfukuze. Siruhusiwi, nimekuja kuandika yanayotokea. Mwenyeji alirudi na chavua yake, akaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Saa 10 alifunga chumba. Mwanzi namba 7 nimeutia alama nyekundu, kwa sababu ya yule mwizi.

Saa 1 usiku, nimemulika tochi mlangoni mwa mwanzi. Uso wa jike uko pale pale, umeelekea nje, antena zimelala.