Siku moja maishani mwangu: mrija umevuja

Saa 12:50 asubuhi. Nafungua kabati la maabara hata mkoba sijautua. Mrija uko pale pale nilipouacha Ijumaa, umesimamishwa wima: maji ya bluu juu, mbegu za haradali chini, kibano katikati. Karatasi ya kuchujia iliyozifunika mbegu ilikuwa nyeupe. Leo ina doa la bluu, dogo kama ukucha wa mtoto.

Umevuja.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na jioni huwasimamia wanafunzi watano wanaobuni jaribio la kupelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu: mzizi wa mbegu hukuaje pasipo uzito. Watu wakisikia hivyo hudhani tunashinda tukizungumzia roketi. Muda wetu mwingi unaliwa na vibano.

Nieleze. Mrija ni wa silikoni, mfupi kuliko rula, na vibano viwili vinaugawa vyumba vitatu. Cha kwanza kina maji, cha kati mbegu kavu, cha mwisho fomalini iliyozimuliwa. Kazi ya mwanaanga ni ndogo: analegeza kibano cha kwanza, anatikisa, maji yanazifikia mbegu. Siku za kurudi zikikaribia analegeza cha pili, dawa inaingia na ukuaji unakoma hapo hapo. Tusipofanya hivyo, mzizi uliokua ukitangatanga huko juu utaanza kugeukia chini mara tu ukirudi kwenye uzito, na ushahidi wetu utafutika kabla hatujaufungua.

Sasa, mrija hujazwa siku kadhaa kabla ya roketi kuruka. Tone moja likipenya, mbegu zitaota zikiwa bado zinasubiri safari, na mwanaanga atakuja kuimwagilia mimea iliyokwisha kuamka.

Saa 2 hadi saa 6. Vipindi. Seli, kisha seli tena. Akili yangu iko kabatini.

Saa 7 mchana. Mwanafunzi wa tano, aliyejiunga juzi, ameandika kwenye rasimu: "Angani hakuna mvutano." Sikumkosoa kwa kalamu. Nilitoboa chupa ya plastiki ubavuni, karibu na kitako, nikaijaza maji, nikampeleka roshani ya juu. Ukiishika, maji yanachuruzika. "Haya, iachie."

Akaiachia. Wenzake waliokuwa chini wakapiga kelele: mchirizi umekatika! Chupa ilipokuwa ikianguka, maji hayakutoka hata kidogo. Ilipotua ndipo yalipotapakaa kila mahali, kiatu changu kikiwamo, maana nilikuwa nimeshateremka kutazama.

Kituo nacho kinaanguka vivyo hivyo. Kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na huko mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Ila kinakwenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, basi kila kinapoanguka dunia nayo inajipinda chini yake, na mzunguko mmoja unakwisha kwa dakika 90. Maji, mbegu na mwanaanga wote wanaanguka pamoja, ndiyo maana hakuna kinachomlemea mwenzake. Mwanafunzi alirudi akafuta sentensi yake mwenyewe. Aliyoandika badala yake ilikuwa ndefu mno, lakini ilikuwa kweli.

Saa 9 alasiri. Tunapitia andiko. Kuna swali moja ambalo limetuulia mawazo mengi kuliko ukosefu wa vifaa: kwa nini jambo hili lisifanyiwe hapa hapa? Bustani ya mboga ilikufa kwa swali hilo. Mafuta na maji yalikufa pia, ingawa niliyapenda. Angani hayajitengi kwa uzito, lakini hilo linajulikana zamani. Mzizi ulisalimika kwa sababu hapa duniani huwezi kuuondolea chini yake. Unaweza kuuzungusha polepole kwa mota ya saa ya ukutani, nasi tunao mtambo huo, lakini hapo umeuchanganya tu, uzito bado upo.

Nikawakumbusha kwamba hawajaanza wao. Mwaka 1973 buibui wawili, Arabella na Anita, walipelekwa kwenye kituo cha anga cha Skylab kwa sababu Judith Miles, mwanafunzi wa sekondari Marekani, alitaka kujua kama wangeweza kufuma utando huko. Utando wa kwanza wa Arabella ulikuwa ovyo, uliofuata ukanyooka. Swali la Judith lingetosha kwenye kiganja, na hilo ndilo ninalowadai watoto hawa kila siku.

Saa 10 jioni. Tunaufungua mrija. Binti anayetunza daftari anapitisha kioo cha kukuzia kwenye alama ya kibano, anakaa kimya, kisha anasema, "Mwalimu, siyo kibano." Ganda la mbegu moja lilikuwa limenaswa chini ya mdomo wa kibano, jembamba kama ganda la kitunguu. Maji yalipita hapo.

Basi mbegu zisizurure. Kila moja itagandishwa kwenye karatasi kwa chembe ya gundi isiyo na sumu. Mmoja akauliza kama gundi haitazuia kuota. Swali zuri, na jibu lake ni kwamba mbegu za ulinganisho, zitakazobaki hapa na kufunguliwa maji saa ile ile na za mwanaanga, nazo zipakwe gundi ile ile.

Saa 11. "Na roketi ikilipuka?" Huulizwa kila mwaka. Siwafichi. Oktoba 2014 roketi ya Antares ililipuka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wallops, Virginia, Marekani, ikiwa na majaribio ya wanafunzi. Baadhi yakatengenezwa upya na kupandishwa roketi nyingine Juni 2015, nayo ikasambaratika angani. Kimya kidogo. Kisha mtunza daftari akaandika: mbegu za akiba, seti mbili.

Saa 5 usiku. Mrija mpya nimekuja nao nyumbani, uko juu ya rafu, wima, bluu juu. Nimewaandikia: "Saa sita zimepita. Nyeupe."

Jibu limekuja upesi kuliko linavyopaswa kumjia mwalimu kwa saa hizi: "Lala, Mwalimu. Bado saa 66 zitimie siku tatu."