Siku niliyofundishwa kumsimamisha mzee kwa F8

Mwaka 2021 nilikuwa Bukoba nafanya kibarua cha kunukuu sauti. Yani unapewa rekodi za mahojiano, unavaa hedifoni, unaandika kila neno lililosemwa. Waliohojiwa walikuwa wazee wakulima wa kahawa, wengine wa Muleba, wengine wa Missenyi kule karibu na Mutukula, wanaongea Kiswahili alafu Kihaya kinaingia katikati bila hodi. Malipo yalikuwa kwa saa ya sauti sio saa ya kazi, na hapo ndo mnukuaji anapoumia, kwasababu saa moja ya maongezi inakula saa nne, tano, sita, na zaidi kama mzee ana kikohozi na kuku wanazunguka kinasa sauti.

Laptopu yangu ilikuwa mtumba, Windows ilishaishinda nikaweka Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na nlikuwa naandikia kwenye Vim, programu ya kuandikia maandishi. Sio kwamba mi fundi sana, ni kitu tulichofundishwa chuoni tukiwa tunaingia kwenye seva nikakizoea, chepesi, hakili memori. Sauti iko VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Sasa kazi inaenda hivi, unasikia maneno sita saba, Alt na Tab kwenda VLC, spesi isimame, Alt na Tab kurudi Vim, unaandika, neno la mwisho limeshakutoka kichwani, Alt na Tab tena, unarudisha nyuma, imerudi mbali mno, unasikiliza upya yale yale ushayaandika. Na mtafiti anataka kila mtu anapoanza kuongea uweke muda wa kwenye rekodi, so unachungulia kile kisaa cha VLC, unakikariri, unakuja kukiandika. Watu wa kazi hii wenye hela wana kanyagio la mguuni kama la cherehani, wakikanyaga sauti inaenda wakiachia inasimama. Mi nlikuwa na vidole tu.

Ofisi niliyopewa meza ilikuwa na dada mmoja wa takwimu, kanizidi umri, maneno machache, chai ya rangi muda wote. Siku hiyo umeme ulikatika toka asubuhi ukarudi jioni jioni, wengine wakawa washaondoka, tumebaki wawili kila mtu anafidia ya kwake. Nadhani kelele za vidole vyangu ndo zilimchosha. Akasimama nyuma yangu akaangalia weee, kimya, alafu akauliza:

"Mdogo wangu, hivi hizo F zote huko juu umewekewa za nini?"

"F5 ya kurifreshi dada," nikamjibu. Zilizobaki sikuwa na la kusema.

Akaenda mezani kwake akaleta kibodi yake, ile ya kuchomeka. Juu ya mstari wa F kabandika selotepu ya karatasi na kaandika kwa peni ya bluu kila kitufe kinafanya nini, maandishi madogo madogo, mengine yamefutwa na kuandikwa upya. Mi miaka yote najua mstari ule ni wa kuongeza mwanga na kupunguza sauti basi.

Akavuta kiti. Nilitegemea aanze na Vim, hapana, akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika cat, amri inayokuonyesha unachobonyeza, enta, akaanza kubonyeza F moja moja aone kinachotua. F8 ilipobonyezwa hakikutua kitu, skrini ikaongezeka mwanga. Akacheka. Tukazima mashine tukaingia BIOS, zile setingi za mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, tukabadilisha ile setingi ya vitufe vya F viwe F kwanza, mwanga uhitaji kushikilia kitufe cha Fn. Kuwaka tena, cat tena, sasa zikaanza kutua alama za ajabu, ^[[15~ kwa F5, ^[[17~ kwa F6, 18, 19 na kuendelea.

"Kumi na sita iko wapi?" nikamuuliza. Akaniambia hizo namba zimetoka kwenye terminali za DEC, kampuni ya kompyuta ya zamani, enzi terminali ni mashine kabisa yenye skrini na kibodi, VT220 ya 1983, kibodi yake ilikuwa na vitufe vya F vimekaa kwa makundi yenye nafasi katikati, na kwenye nafasi namba ikarukwa. Kwa hiyo laptopu yangu ya mtumba imerithi pengo la kibodi ambayo sijawahi kuiona kwa macho. Hii kitu ilinifurahisha kuliko ilivyostahili, nikaibonyeza bonyeza mpaka akanizuia.

F1 ilifungua msaada wa terminali yenyewe. F10 menyu. F11 skrini nzima. "Hizo tatu terminali inazidaka kabla Vim haijasikia," akasema, "waachie wenyewe."

Alafu kwa bando langu tukashusha kiprogramu kinaitwa playerctl, kazi yake kuipa VLC amri toka nje bila kuigusa. Ukiandika playerctl play-pause sauti inasimama, ukirudia inaendelea. Kilichobaki ni kuifunga amri hiyo kwenye F8 ndani ya Vim, na nikadhani hapo ni dakika moja.

Haikuwa dakika moja. Mara ya kwanza aliiita kwa alama ya mshangao, ile ya kuendesha amri za nje, sauti ikasimama kweli lakini Vim ikatoweka, ikatuonyesha terminali na kuomba tubonyeze enta ndo iendelee. Akaongeza silent mbele yake, enta haikuombwa tena ila skrini ikabaki tupu, maandishi ya mzee yamepotea mpaka upige Ctrl na L yarudi. Dada hakutukana, alikunywa chai. Kisha akafuta yote akaandika huu mstari kwenye .vimrc, faili la setingi za Vim, na mpaka leo naujua kwa moyo:

inoremap <F8> <C-O>:call system("playerctl play-pause")<CR>

Hiyo i ya mwanzo inasema kazi hii ni ya wakati unapoandika tu, maana Vim ina hali ya kuandika na hali ya kuamuru, na kitufe kimoja unaweza kukipa kazi tofauti kila hali. Nore inazuia Vim isiutafsiri tena upande wa kulia hata kama kuna kitufe humo ushakipa kazi nyingine. C-O ndo yenyewe sasa, inakutoa kwenye kuandika kwa amri moja tu na kukurudisha pale pale kile kialama cha kuandikia kilipokuwa. Na system inaendesha mambo kimya kimya, skrini haiguswi.

F7 tukaipa kurudisha sauti sekunde tano. F5 kuweka muda wa kwenye rekodi, hii ilisumbua, mwanzoni ilitoa sekunde zenye desimali ndefuu na kuruka mstari, akahangaika nayo mpaka ikatoa dakika na sekunde safi. F9 ikaandika "Mhojaji:" na F12 "Mzee:". Akakata selotepu yake akanibandikia, nikaandika mwenyewe kwa peni yake.

Nikaanzia rekodi niliyokuwa katikati. Mzee alikuwa anaelezea butura, ile ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwasababu ada ya mtoto haisubiri mavuno, mnunuzi anakupa anachotaka yeye na msimu ukifika anakuja kuchuma shambani kwako kama kwake. Mzee anaongea, kidole kwenye F8, kimya, naandika, F8, kaendelea. Neno limenipita, F7. Mikono haijaondoka kwenye kibodi. Na nikagundua kitu ambacho sikukitegemea, kwamba kabla ya hapo nlikuwa naandika sauti zake tu, yeye mwenyewe simsikii, akili yote iko kwenye Alt na Tab. Jioni ile ndo nilisikia kwamba anapotaja bei ya mwaka ule anashusha pumzi kwanza. Nikamwambia dada, akasema hata mhojaji hakusikia hilo, angesikia angeuliza.

Mzee akaingia kwenye magendo, kahawa kuvushwa usiku kwenda Uganda ambako bei ilikuwa nzuri. Dada akadakia, "Ushawahi kuandika :help uganda humo?" Nilishauona ule ujumbe Vim ikifunguka tupu, wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, nikauchukulia kama tangazo. Nikaandika. Kumbe Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim 1991, alikaa mwaka mzima Kibaale akifanya kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto, na programu alikuwa anaitoa bure, ukiipenda aliomba uchangie watoto wa kule. Maelezo yenyewe yanasema Kibaale iko kusini mwa Uganda, karibu na Tanzania. Karibu na Tanzania ni sisi! Ukivuka Mutukula hata safari ndefu huna. Yani kitu nilichofundishwa Dar kama cha wazungu wa seva kilikuwa na jirani yangu ndani yake. Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023, niliposoma habari nikamtumia dada meseji, akajibu "tumchangie", tukachanga.

Kibarua kiliisha kabla ya muda niliopewa na mtafiti akaniongezea rekodi zingine, za Karagwe, kwa bei ile ile, nikakubali maana sasa saa ya sauti ilikuwa inanilipa kidogo. Siku hizi nanukuu zaidi vikao vya watu wa Dar, wanaongea haraka na wanakatizana, F7 nimeshusha toka sekunde tano hadi mbili na F12 haiandiki tena "Mzee:", inaandika "Mwenyekiti:".