Sikukuu Zote kwa Asubuhi Moja

Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, imeisha jana, mti wa Krismasi bado umesimama ukumbini kwa kuwa hakuna aliyejitolea kuutoa, na mimi ndiyo kwanza napata nafasi ya kuandika kuhusu Desemba ya usharika wetu.

Tuko Massachusetts, nje kidogo ya Boston. Kanisa letu ni la Waunitariani, dhehebu huria lisilomlazimisha mtu kuwa na imani moja. Ni la mbao, jeupe, lina mnara, na ndani hakuna msalaba. Mbele kuna kikombe chenye mwali, alama iliyochorwa na Hans Deutsch mwaka 1941 kwa ajili ya kamati ya Waunitariani iliyokuwa ikiwasaidia wakimbizi wa vita Ulaya. Jirani yangu wa benchi ni Myahudi kwa kuzaliwa, mkewe alilelewa Mkatoliki, na nyuma yangu hukaa mama mmoja asiyeamini kwamba kuna Mungu lakini hakosi Jumapili hata moja. Mimi ni mtu wa Tanga. Baba Mlutheri wa Lushoto, mama Mwislamu. Mchanganyiko haujanitisha.

Kinachonisumbua ni ile ibada ya sikukuu zote. Kila Desemba tunaifanya: mishumaa ya Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, inawashwa, mtoto anasoma Luka, mzee anasimulia jinsi Buddha alivyopata nuru chini ya mti, kinara cha Kwanzaa kinaoneshwa, halafu kahawa. Yote ndani ya saa moja. Ni kuonja kila chungu na kurudi nyumbani na njaa. Kwetu Idd ilikuwa Idd. Tulikwenda wote kwa bibi, mtaa wa Ngamiani, na baba akiwemo, tukala pilau na kupiga soga mpaka jioni, na hakuna aliyeingiza Krismasi kati ili kuweka mizani. Krismasi nayo ikifika, bibi alikuja na baibui lake, akakaa, akala, akawauliza wajukuu wameimba nini kanisani.

Nikisema hivyo hapa, wananijibu kwamba hata Krismasi yenyewe haikuwa yao. Ni kweli. Mwaka 1659 Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali waliotoka Uingereza na kulitawala koloni hili, waliipiga marufuku. Aliyekamatwa akiisherehekea alitozwa shilingi 5, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1681. Makanisa mengi ya Waunitariani huku yametokana na sharika za haohao Wapuritani. Wajukuu wao wakageuka. Charles Follen, Mjerumani aliyefundisha Harvard kisha akawa mchungaji Muunitariani, ni mmoja wa waliouzoesha mkoa huu mti wa Krismasi wenye mishumaa, miaka ya 1830, wakati uleule alipokuwa akipinga utumwa hadharani na kuchukiwa kwa hilo. Naye Edmund Sears, mchungaji wa Wayland, mwaka 1849 alitunga wimbo wa Krismasi unaoimbwa mpaka leo na madhehebu karibu yote. Usome vizuri: hauna hori, hauna mtoto. Una malaika wanaoimba amani na watu wasiowasikia kwa sababu wanapigana. Huo ndio Uunitariani, nadhani, kuliko hotuba nyingi nilizosikia.

Lakini usiku uliobaki moyoni mwangu ni ule wa tarehe 21, usiku mrefu kuliko wote. Siku hiyo jua la hapa huzama saa kumi na robo jioni. Tanga muda huo watoto wako mpirani bado, na jua halizami mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu. Tulikaa duara, taa zikazimwa zote, na hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Mabomba ya kupashia joto yakawa yanagonga ukutani. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kwa sauti kama tumesahauliwa, tukacheka gizani. Kisha kila mmoja akaandika kwenye kikaratasi kitu anachotaka kiishe na mwaka, akakichoma kwenye chungu cha chuma. Changu sikisemi. Hapakuwa na sikukuu nyingine iliyosubiri zamu yake, na ndiyo maana ikatosha.

Mkesha wa Krismasi kanisa lilijaa wageni. Kila mmoja alipewa mshumaa uliovishwa kikaratasi cha duara ili nta isimchome. Mzee wa zamu alitukumbusha: unaowaka uushike wima, usiowaka ndio uinamishwe kuufuata moto. Waliokaidi waliacha nta kwenye zulia, na Jumamosi tulikuwa tunaibandua kwa pasi na karatasi za kaki.

Halafu Kwanzaa. Mchungaji aliniomba niwashe mshumaa mweusi wa Umoja, nguzo ya kwanza kati ya saba za sikukuu hiyo, zote zikiwa na majina ya Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ni changu. Nikasita. Kwanzaa aliianzisha Maulana Karenga huko California mwaka 1966, kwa ajili ya Wamarekani weusi. Maneno ni ya kwetu, ila sikukuu na machungu yaliyoizaa ni yao. Nilimwendea bibi mmoja wa usharika, ambaye babu yake alizaliwa Georgia mtumwa, nikamwambia awashe yeye. Akanitazama juu ya miwani. "Nitawasha mimi," akasema, "na wewe utakaa kando yangu uhakikishe watoto hawatamki vibaya." Basi nikakaa. Jina la nguzo ya pili, Kujichagulia, liliwashinda wote kulitamka, akiwemo mchungaji.

Nimeiandikia kamati: kila sikukuu ipewe jioni yake, na wenye nayo ndio waiongoze. Jirani yangu Myahudi ananipinga. Anasema jioni ya Hanuka watakuja familia yake na mimi tu, lakini Jumapili wanaona watu wote. Hoja hiyo ina uzito, na sijapata jibu lake. Kikao ni Jumatano. Nitakwenda na maandazi, maana kahawa yao naijua.