504 ya babu
Miezi minne sasa niko chini ya Peugeot 504 ya marehemu babu, hapo nyuma ya nyumba. Juzi niling'oa zulia upande wa dereva, bisibisi ikapenya sakafu kama inatoboa chapati. Kumbe fundi wa zamani alijaza fila, ule uji mzito wa kuziba mashimo ya bodi, juu ya kutu, akapaka rangi, akachukua hela zake! Nimekata bati bovu lote, nikachomelea jipya, nikapiga msasa, na praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo maana unyevu wa Mombasa hausubiri mtu. Aina hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1975, na babu hakuchoka kutukumbusha. Leo nimewasha, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Mama watoto kacheka weee, lakini chai kaleta.