Ninavyoandaa michoro ya leza ikitoka programu tofauti

Kazi nyingi za leza zinazonifikia hapa Kisumu ni vibao vya milango ya ofisi, ngao za tuzo za shule na visanduku vya plaiwudi. Kuna anayechora kwa CorelDRAW, kuna wa Illustrator, na vijana wengi hutumia Inkscape kwa kuwa ni ya bure. Mashine naiendesha kwa LightBurn. Mchoro ukihama programu, kinachoharibika kwanza ni kipimo.

SVG (faili ya michoro ya mistari) ya Illustrator huhesabu nukta 72 kwa inchi. Inkscape huhesabu 96 tangu toleo la 0.92, matoleo ya nyuma yalihesabu 90. Ndiyo maana kibao cha milimita 300 kilichochorwa Illustrator kinaweza kufunguka Inkscape kikiwa na 225, na dawa yake ni kukikuza hadi asilimia 133.33. DXF, aina nyingine ya faili ya michoro, nayo mara nyingi huja na namba tupu, bila kusema ni milimita au inchi. Kwa hivyo kila mteja namwomba achore kando mraba wa milimita 100 kwa 100. Ukisoma 75, ni ile tofauti ya 72 na 96. Ukisoma 2540, namba zimechukuliwa kuwa inchi, 3.94 ni kinyume chake. Nikishasahihisha, naufuta.

Maandishi yageuzwe kuwa mistari kabla ya kutumwa, la sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine: Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+O kwenye Illustrator, Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape. Weka nakala ya awali, maana jina likiwa na kosa huwezi tena kulihariri kwa kuchapa. Kwenye WhatsApp, tuma faili kama dokumenti. Picha ya nembo ikigeuzwa na programu kuwa mistari, mstari mmoja huwa miwili, kwa sababu hufuatwa kingo zote mbili za wino, na leza itakata yote miwili. Mistari iliyolaliana kabisa ni rahisi: Alt+D ya LightBurn huifuta. Usipoifuta, leza hupita mara mbili na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) huungua ukingoni.

Visanduku ndivyo vinavyotaka umakini zaidi, kwa sababu leza hula upana fulani wa mbao. Naupima hivi: nachora mstatili wa milimita 100 wenye mistari 9 ya kuugawa, naukata, navibana vipande 10 pamoja na kuvipima kwa kalipa. Vikitoa 98.2, zimepotea 1.8, nagawanya kwa 10, napata 0.18. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 ikipimwa 2.7, pengo la kuchomekea kipande kingine nalichora 2.52, yaani 2.7 kutoa 0.18. Likibana mno naongeza 0.05 na kujaribu tena kwenye kipande cha karatasi ileile ya plaiwudi, kwa kuwa unene hutofautiana kutoka karatasi moja hadi nyingine.