Watu wawili wa ziwa, viti viwili na theluji

Jamaa yangu wa Mwanza alifika Minnesota, Marekani, mwezi wa kumi, na tangu hapo kila wikendi swali lilikuwa lilelile: "Kaka, hilo Ziwa Superior mnalosema linalishinda Victoria letu kwa ukubwa, utanipeleka lini?" Mimi ni mzaliwa wa Kisumu. Mambo ya ziwa siwezi kuyaacha yakapita hivihivi. Jumamosi moja ya Januari, baridi ikiwa nyuzi 22 chini ya sifuri, nikampitia kwake Brooklyn Park na Mazda Miata yangu ya mwaka 1999.

Akaliangalia gari, akaangalia rundo la theluji pembeni mwa barabara, ambalo lilikuwa limelipita gari kwa kimo.

"Kaka, hili si gari la kiangazi?"

Huniuliza hivyo wengi. Ni gari la spoti la viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.8, uzito tani moja na kidogo, na nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Huu ni mwaka wa sita naliendesha majira yote, na Januari ndipo ninapolipenda zaidi.

Jambo la kwanza ni tairi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa. Tairi za baridi hubaki laini, na uso wake umechanjwachanjwa mikato myembamba inayoing'ata theluji. Utazijua kwa mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Mwezi wa kumi na moja mimi huvua rimu za inchi 15 nikafunga za inchi 14, zenye tairi za upana wa milimita 185, kwa sababu tairi nyembamba huikata theluji ikafika chini, pana huielea. Ni kweli, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne litaniacha taa zikiwaka kijani. Lakini kwenye kusimama sote tuko sawa: kila gari lina breki magurudumu manne, na anayeamua ni mpira unaogusa barabara. Nimeona magari makubwa mno yakiwa mtaroni kwa kulisahau hilo.

Jambo la pili nililitoa nyumbani. Mjomba wangu alikuwa akibeba samaki kwa pikapu ya Peugeot 504 kutoka Usenge hadi Kisumu, na 504 nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati wa masika, kwenye udongo mweusi, pikapu tupu mkia wake huwa mwepesi, unacheza kama wa samaki. Kwa hiyo siku asizo na mzigo alikuwa akitia magunia mawili ya mchanga nyuma. "Mkia uwe na adabu," alikuwa akisema. Jamaa yangu alipofungua buti aweke mkoba wake, akakuta magunia mawili ya mchanga, kilo 27 kila moja. Akacheka mpaka akashika mlango. Ukikwama, unatoboa moja, unamwaga mchanga mbele ya tairi, unaondoka kwa gia ya pili huku ukiachia klachi taratibu.

Kutoka kwetu hadi Duluth ni kama kilomita 250 kwa barabara kuu namba 35. Kwenye baridi ile chumvi wanayomwaga barabarani huwa imeshapoteza nguvu, hivyo theluji iliyokanyagwa na malori ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sakafu ya simenti. Nilikwenda kilomita 70 kwa saa, nikiwaacha wenye haraka wapite. Kimoja lazima kisemwe: tumbo la gari hili liko karibu sana na ardhi, na theluji ikizidi kimo hicho gari hupanda juu yake kwa tumbo, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Siku za namna hiyo sitoki. Jumamosi ile malori ya kusukuma theluji yalikuwa yameshapita.

Kabla ya Duluth barabara hupanda kilima cha Thompson, halafu ghafla mji wote na ziwa vinakuwa chini yako. Jamaa yangu alinyamaza. Ziwa lilikuwa linafuka. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa, na mvuke ukawa unainuka kama moshi wa kuni mbichi, umetapakaa hadi macho yanapoishia.

Tukaendelea kwa barabara namba 61, ziwa mkono wa kulia, tukapita Two Harbors. Mbele kidogo kuna handaki la Silver Creek Cliff lililotobolewa ndani ya jabali. Ndani ya handaki lami ilikuwa kavu. Tulipotoka tu, kivuli cha jabali kilikuwa kimeficha barafu nyembamba, ile isiyoonekana, unadhani ni lami iliyolowa.

Nilihisi kiunoni kwanza. Kiti kilisogea upande kabla macho hayajaona lolote. Gari la 1999 halina kompyuta ya kukusahihisha. Sikugusa breki. Mguu nikauinua kwenye mafuta polepole, maana ukiuondoa ghafla uzito unakimbilia mbele na mkia unazidi kupepesuka. Nikakaza macho kule ninakotaka kwenda, nikageuza usukani upande ule mkia unakoelekea, robo mzunguko tu, kisha nikaurudisha upesi usije ukapiga upande wa pili. Gari likatulia. Ndicho ninachokipenda kwenye gari dogo na jepesi: hukwambia mapema, wakati bado unaweza kujibu.

"Mungu wangu," akasema. Baada ya kitambo: "Kaka, umefanyaje pale?"

Tukaegesha karibu na ufuo. Mawimbi yalikuwa yanasukuma vipande vya barafu vyembamba kama vioo vya dirisha, vinapandana juu ya mawe, vikilia kama vikombe ndani ya beseni. Akaokota kimoja, akakilamba.

"Kina chake?"

"Mita 406 pale penye kina kirefu kabisa."

"Letu?"

"Kama 80. Na hili ni kilomita za mraba 82,000, letu kama 69,000."

Akalitazama muda mrefu. "Haya, limetushinda. Lakini samaki wetu hawapati baridi."

Kurudi, Two Harbors, tukapata uwanja wa kuegesha uliokuwa mtupu, una theluji ya vidole viwili. Nikampa usukani. Mwanza aliwahi kuendesha Noah miaka minne, klachi anaijua. Mzunguko wa kwanza alikanyaga breki, gari likaserereka moja kwa moja. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nikamwambia maneno ya mjomba: kwenye matope breki ni adui, macho ndiyo usukani. Wa nne mkia ulipotoka, akaachia mguu, akageuza kichwa kabla ya mikono, gari likanyooka.

Akarudia mara nyingi sana, mimi nikisimama nje nimejikunyata, hadi jua lilipoanza kuzama, saa kumi na moja kasoro. Nikachukua usukani, tukarudi mjini.