Nilivyoweka emuleta kwenye mashine ya gemu ya zamani bila kukata waya hata mmoja

Mashine ninayoizungumzia ni kabati la Street Fighter II, gemu ya Capcom iliyotoka mwaka 1991. Ipo Kanyenye, Tabora, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye wajukuu zake na watoto wa majirani huicheza bure. Mzee aliniita kwa sababu ubao wa saketi ulikuwa unapata joto kali kwa kuwashwa kutwa, naye alitaka upumzike bila watoto kukosa mchezo. "Ongeza unachotaka, mwanangu," aliniambia, "ila usinikatie waya wala usinitobolee mbao." Sharti hilo nililipokea kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa nimeshaona makabati yaliyong'olewa kila kitu ndani na kuwekewa TV bapa, na mimi nauhesabu huo kuwa uharibifu wa kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Njia ilikuwamo ndani ya mashine yenyewe. Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walianza kutumia soketi ya aina moja, JAMMA, yenye nafasi 56, yaani 28 kila upande, na humo hupita umeme, rangi tatu za picha, sauti, sarafu, vijiti na vitufe. Ubao mzima huchomolewa na mwingine kuchomekwa kama kanda kwenye redio. Niliagiza Dar es Salaam adapta ya JAMMA inayobeba kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nikaweka ndani yake MAME, programu ya emuleta iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, ambayo huiga kazi ya chipu za ubao wa zamani moja baada ya nyingine. Pamoja na gemu ya mzee niliongeza Gridlee na Robby Roto, ambazo wenyewe wameruhusu zitumike bure pasipo biashara.

Kazi kubwa ilikuwa picha. Skrini ya chogo iliyomo kwenye kabati huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde, ilhali skrini za kawaida za kompyuta huanzia kama 31,000, na kuilazimisha ipokee kasi hiyo kunaweza kuunguza saketi zake. Ndiyo maana sikutumia HDMI, tundu la kawaida la picha kwenye Raspberry Pi, hata kidogo. Adapta huchukua rangi moja kwa moja kutoka kwenye pini za Raspberry Pi na kuzikuza kufikia nguvu ambayo skrini ya gemu inaitarajia. Kisha nikapanga emuleta itoe nukta 384 kwa 224, ambazo ndizo ubao wa asili hutoa, ili mstari mmoja wa gemu uwe mstari mmoja kwenye kioo. Ukisogea karibu unaona mistari myeusi myembamba ikipita katikati ya mikunjo ya nguo za wapiganaji, sawasawa na ilivyokuwa kabla. Ubora huo TV bapa haiwezi kuutoa, na kwangu ndio sababu kuu ya kuilinda skrini hiyo. Nyuma yake sikugusa chochote, kwa maana kioo cha chogo hubaki na maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwenye soketi, kile kizuizi cha nafasi ya 7 kinachomzuia mtu asichomeke kinyume kilikuwa kimeshavunjika, hivyo nilifunga kikaratasi kwa uzi upande wa juu, nikaandika "vifaa vitazame hapa", yaani upande wa ubao wenye chipu. Baada ya hapo nilipima umeme mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu volti 5 zinazosomeka pasipo mzigo hushuka mzigo ukiingia, na Raspberry Pi huanza kulalamika zikifika chini ya 4.63. Zilisimama vizuri, basi sikugusa skrubu ya kurekebishia volti. Kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu hukatika bila taarifa, niliiweka kadi ya kumbukumbu katika hali ya kusomwa tu, isiandikwe, ili kuzimika ghafla kusiharibu mafaili.

Yakabaki mateke. JAMMA hubeba vitufe vitatu kwa kila mchezaji, navyo ndivyo vya ngumi; vile vitatu vya mateke hupita kwenye waya wa pembeni uliochomekwa kwenye ubao wa Capcom, na plagi yake haikulingana na ya adapta. Badala ya kuikata nilitengeneza kipande kifupi cha waya chenye plagi mbili, moja ya kupokea waya wa zamani na nyingine ya kuingia kwenye adapta, nikakihakiki kwa maltimita, yaani kipima umeme, kitufe kwa kitufe. Mzee akitaka ubao wake wa asili, anazima, anachomoa plagi ukutani, anatoa adapta pamoja na kile kipande, kisha anarudisha ubao huku chipu zake zikitazama upande wenye kikaratasi.